Tajiri, kampuni ya jezi na dogo wa miaka 17: nani hasa anasajili futiboli ya vyuo Marekani?

Tarehe 1 Januari 2026 Oregon waliwachapa Texas Tech 23-0 kwenye Orange Bowl, robo fainali ya kumtafuta bingwa wa futiboli ya vyuo Marekani (ile ya helmeti, sio soka), na ukiitazama ile mechi kama mechi tu utasema timu moja ilizidiwa, basi, twende zetu. Ila wanaoifuatilia hii ligi walikuwa wanaangalia kitu kingine kabisa. Nyuma ya Oregon yupo Phil Knight, mzee aliyeanzisha Nike. Nyuma ya Texas Tech yupo Cody Campbell, jamaa wa visima vya mafuta kule magharibi ya Texas, aliyewahi kuichezea hiyo hiyo timu na sasa ndo mwenyekiti wa bodi ya chuo, na kwa taarifa zilizotoka kikosi chake cha msimu huo kilikula zaidi ya dola milioni 25. Yaani uwanjani walikuwepo madogo, jukwaani walikuwa wanacheza mabilionea wawili.

Kuna watu wanasema hela imeuharibu mpira wa vyuo kuanzia 2021, mwaka ambao wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Mimi hiyo siikubali. Hela ilikuwepo miaka yote na hakuna sheria iliyowahi kuizuia, kazi ya sheria ilikuwa kuamua tu ipitie mkononi mwa nani, na mara nyingi ilikuwa inaishia mikononi mwa watu wengine wote kabla ya kumfikia dogo mwenyewe anayevunjwa mbavu. Hata hizi sheria mpya za 2025 ni hivyo hivyo, ila safari hii wanaofunguliwa mlango ni kampuni za jezi.

Kwa asiyeijua hii kitu vizuri: chuo kule hakinunui mchezaji kutoka klabu. Dogo akiwa bado sekondari anafuatwa na makocha wa vyuo kibao, anatembezwa chuo kimoja baada ya kingine, wanamlisha, wanamvalisha jezi, wanampiga picha, halafu anachagua mwenyewe pa kwenda. Hamna ada ya uhamisho. Ushindani wote ni wa kushawishi, na hapo ndo tajiri anapoingilia. Na huyu tajiri, tofauti na mmiliki wa klabu, hana hata hisa moja, hawezi kuwa nayo, timu ni ya chuo na vyuo vingi ni vya serikali ya jimbo. Hapati gawio. Anachopata ni kiti kizuri, namba ya simu ya kocha, jina lake kwenye jengo, na hela ikiwa nyingi sana anakuwa na kura ya nani aajiriwe na nani afukuzwe, japo hamna karatasi popote inayosema hivyo. Texas A&M walimtimua kocha Jimbo Fisher Novemba 2023 huku wakidaiwa kumlipa zaidi ya dola milioni 75 za mkataba uliobaki. Sasa wewe jiulize, chuo cha umma kinapata wapi ubavu wa kumlipa mtu hela zote hizo akae nyumbani kama hamna watu wamekaa nyuma na vitabu vya hundi.

Turudi kwa Knight, maana ukimwelewa yeye umeelewa nusu ya habari. Alisoma Oregon, alikimbia chini ya kocha Bill Bowerman, na mwaka 1964 wakaanzisha pamoja biashara ya viatu iliyokuja kuwa Nike. Oregon yenyewe kwenye futiboli ilikuwa timu ya kawaida sana, iko Eugene, mji mdogo wa mvua, jimbo lenyewe halitoi wachezaji wengi wa kiwango cha juu, dogo wa Texas au California aende kufuata nini kule? Januari 1996 Colorado wakawapiga 38-6 kwenye Cotton Bowl, moja ya zile mechi kubwa za mwisho wa msimu. Inasimuliwa kwamba baada ya kile kipigo Knight alimuuliza kocha Mike Bellotti anahitaji nini ili timu ipande daraja lingine, na kocha akajibu anataka uwanja wa mazoezi wenye paa, sababu ya mvua. Mwaka 1998 ukafunguliwa.

Alafu zikaja jezi. Nike waliweka wabunifu wao wenyewe kazini, akiwemo Tinker Hatfield, yule mchoraji wa viatu vya Jordan, timu ikapata ile herufi O na rangi za kuumiza macho na kila wiki helmeti moja na suruali nyingine, hawarudii. Wazee wa mpira walicheka sana. Madogo wa miaka 17 hawakucheka, na ni wao waliokuwa wanatafutwa. Mwaka 2001 wakatundika bango la ghorofa kadhaa la kwotabeki wao (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) Joey Harrington katikati ya New York, upande wa pili wa nchi, dola 250,000 kwa ajili ya kumpigia kampeni ya Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Hela hiyo yote ilihusu sura yake, na yeye hakuruhusiwa kupata hata senti.

Kilele chake ni lile jengo la futiboli la 2013, Hatfield-Dowlin, ambalo lilitajwa kugharimu dola milioni 68, likapewa majina ya ukoo ya mama yake Knight na mama mkwe wake. Gym sakafu yake mbao ngumu za Brazil, mazulia yametoka Nepal, kinyozi yupo humo humo ndani. Na hapa nataka usimame kidogo, kwa sababu kwa sheria za wakati ule za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ukimpa mchezaji hela ya nauli akamzike bibi yake umevunja sheria, ukimjengea jumba la milioni 68 hujavunja kitu, wewe ni mfadhili wa elimu. Kwa hiyo sheria ilikuwa inawapendelea matajiri wenye uwezo wa kujenga, ikawaacha wale wenye uwezo wa bahasha tu. (Na Oregon nao hawakuwa malaika, mwaka 2010 walimlipa dalali mmoja wa Texas dola 25,000 kwa kile walichoita huduma ya taarifa za wachezaji, 2013 NCAA wakawaadhibu, kocha Chip Kelly alikuwa ameshahamia NFL, ligi ya kulipwa, adhabu ikamkuta anakula bata.)

Ila tukio linaloonyesha vizuri nguvu ya huyu mzee halihusu hata mchezaji. Aprili 2000 wanafunzi wa Oregon walishinikiza chuo kijiunge na shirika la kufuatilia haki za wafanyakazi wa viwanda vinavyoshona nguo zenye nembo za vyuo. Chuo kikajiunga. Knight akachukia, akatangaza hatoi tena mchango, na mezani kulikuwa na kama dola milioni 30 za kupanua uwanja wa Autzen. Baadaye chuo kikaachana na lile shirika, 2001 uhusiano ukatulia, na 2002 uwanja ukafunguliwa umepanuliwa. Sijui unahitaji ushahidi gani zaidi ya huo kuhusu nani anaongea na nani anasikiliza.

Sasa linganisha na wa bahasha. Southern Methodist pale Dallas, SMU, miaka ya 80 matajiri wa mafuta na majumba walikuwa wanawalipa wachezaji kimya kimya, walishakamatwa, wakaahidi kuacha, hawakuacha. Februari 1987 NCAA wakaifuta timu msimu mzima, na msimu uliofuata chuo chenyewe kikashindwa kucheza. Hela iliyowaangusha mwisho: kama dola 61,000, wachezaji 13. Na ikaja kubainika kwamba Bill Clements, aliyekuwa anaongoza bodi ya chuo kabla hajarudi ugavana wa Texas, alijua malipo yanaendelea, yeye na wenzake waliona bora kuwalipa waliokwisha kuahidiwa mpaka wamalize kuliko kukata ghafla wakaongea. Gavana wa jimbo zima! Ikachukua mpaka 2009 ndo SMU wakacheza tena mechi ya mwisho wa msimu ya maana.

Halafu 2023, Dallas hiyo hiyo, chuo hicho hicho, wakataka kuingia ACC ambayo ni ligi ya wakubwa. Wakakubali kutochukua mgao wa hela ya TV ya ligi kwa miaka tisa, kitu ambacho chuo chochote cha kawaida kingekufa, na ndani ya wiki moja hivi wafadhili wakachanga dola milioni 100 kuziba pengo. Msimu wa kwanza tu, 2024, wakaingia kwenye timu 12 za kugombea ubingwa. Penn State wakawatandika 38-10 lakini walifika. Dola 61,000 zilifunga timu, milioni 100 zimepigiwa makofi. Watu ni wale wale.

Kwenye kikapu kampuni za viatu zilitumia njia nyingine na ni vizuri kuijua kabla hatujafika kwenye jezi za leo. Sonny Vaccaro ndo aliwafundisha Nike mwishoni mwa miaka ya 70 kwamba usimlipe mchezaji, mlipe kocha, yeye atawavalisha wachezaji wake viatu vyako bure. Baadaye kampuni zikashuka chini zaidi, zikadhamini timu za mtaani za madogo wa sekondari, dogo anakua anavaa adidas, anacheza mashindano ya adidas, na ikifika muda wa chuo kuna mtu anamwelekeza chuo cha adidas. Septemba 2017 FBI wakaibuka na kesi: Jim Gatto, bosi wa masoko wa adidas, alipanga dola 100,000 ziende kwa familia ya dogo mmoja ili aende Louisville, chuo ambacho wiki chache nyuma kilikuwa kimetangaza mkataba wa adidas wa dola milioni 160. Rick Pitino akapoteza kazi ya ukocha pale Louisville. Oktoba 2018 Gatto na wenzake wawili wakakutwa na hatia ya ulaghai. Na mlaghaiwa, kwa hoja ya waendesha mashtaka, alikuwa ni chuo. Chuo kilichopata mchezaji, kilichopata mkataba wa milioni 160, ndo kilidhulumiwa. Hiyo hoja mpaka leo naisoma nabaki nacheka.

Futiboli ilikuwa tofauti kidogo na sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Kwenye kikapu mtu mmoja anabadilisha timu na baadaye anauza kiatu chenye jina lake dunia nzima, kwa hiyo inalipa kumfukuzia akiwa mtoto. Kwenye futiboli wamevaa helmeti sura haionekani, kikosi kina watu zaidi ya mia, na mikononi mwa nani dogo analelewa? Kocha wa sekondari, sio timu ya mtaani. Kwa hiyo kampuni hazikumnunua mtu, zilinunua chuo kizima. Texas walisaini na Nike 2015 dola milioni 250 miaka 15, Ohio State wakafuata 2016 na milioni 252. Under Armour nao, kampuni ya Kevin Plank aliyecheza futiboli Maryland, wakajitutumua na kuwapa UCLA milioni 280, rekodi ya wakati huo, na 2020 korona ilivyobana wakajitoa, kesi ikaisha kwa kulipa milioni 67.5. Kwa hiyo kumtegemea mwenye kampuni ya jezi nako kuna siku yake.

Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ikawabwaga NCAA majaji 9 kwa 0 kwenye kesi ya Alston, na Julai 1 mlango wa jina na sura ukafunguliwa. Wazo lilikuwa mchezaji apate tangazo la duka la magari, auze fulana, basi. Matajiri hawakungoja hata vumbi litulie, wakaanzisha mifuko ya kuchangishana, unaweka hela kule mfuko unamlipa mchezaji kwa kuposti kitu au kutembelea kituo cha watoto. Oregon ndani ya miezi michache wakawa na kampuni yao yenye mkono wa Knight. Nick Saban, aliyekuwa kocha wa Alabama, mwaka 2022 akasema hadharani kwamba Texas A&M wamenunua kikosi chao chote, Fisher kesho yake akaita waandishi akatema moto. Kirby Smart, kocha wa Georgia, 2024 naye akatupa dongo kwamba angetamani kupata zile hela ambazo Knight anampa kocha wa Oregon, na kumbuka Georgia nao wanavaa Nike. Ndo maana nasema kuwa chuo cha Nike na kuwa chuo cha Knight ni vitu viwili tofauti.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Bryce Underwood. Kwotabeki namba moja nchini, mtoto wa Belleville, Michigan, alikuwa ameshaahidi kwenda LSU, chuo cha Louisiana. Novemba 2024 akageuka akachagua Michigan, taarifa zikasema mkataba unazidi dola milioni 10, na mfuko wa wafadhili wa Michigan ukamshukuru hadharani Larry Ellison, mwenye Oracle. Ellison hajawahi kusoma Michigan, inasemekana mkewe ndo alisoma pale. Yaani mmoja wa matajiri wakubwa duniani anaingilia usajili wa dogo wa sekondari kwa sababu ya chuo cha mke, tena wala haikuwa siri.

Na usidhani kila dogo anaahidiwa anapata. Mmoja, kwotabeki wa California, aliahidiwa dola milioni 13.85 na watu wa upande wa Florida, akasaini Desemba 2022, hela haikuja, akaomba kuachiwa, 2024 akafungua kesi. Kocha unamlipa mshahara wa mamilioni hata ukimfukuza, dogo ukimdanganya anatafuta chuo kingine, hiyo ndo tofauti ya mtu mwenye mkataba wa kazi na mtu mwenye maneno ya tajiri.

Sasa twende kwenye sheria mpya. Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya House: vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo, na hela za nje zaidi ya dola 600 lazima zipitie kwenye mfumo wa ukaguzi uliojengwa na Deloitte, kampuni ya wakaguzi wa hesabu. Swali la mkaguzi ni moja kubwa: hii ni biashara ya kweli au ni mshahara umevaa kofia? Lengo lilikuwa kuwakata miguu wafadhili na mifuko yao.

Haya, fikiria kama mkaguzi. Mwenye duka la vigae anamlipa beki dola milioni moja aposti picha mara mbili, unasema hapana, hii sio biashara. Kampuni ya viatu inamlipa beki huyo huyo avae viatu vyake kwenye tangazo, unasemaje? Hiyo ndo kazi yao ya kila siku, dunia nzima wanalipa wachezaji wavae. Inapita. Na hela hiyo haihesabiwi kwenye ile milioni 20.5. Kwa hiyo Agosti 2025 Tennessee wakatangaza wanaachana na Nike wanarudi adidas kuanzia Julai 2026, mkataba wa miaka kumi, na tangazo lenyewe halikuficha kwamba mikataba ya wachezaji ni sehemu kubwa ya sababu. Nike nao wakaongeza mkataba na LSU wakiwa na programu ya kuwalipa wachezaji teule. Kilichomtia hatiani bosi wa adidas mwaka 2018 ni hela ya kampuni ya viatu kumfanya mchezaji achague chuo cha kampuni hiyo. Mwaka 2025 kitu hicho kinatolewa na chuo chenyewe kama habari njema, na picha za viongozi wamevaa kofia.

Mimi sina shida na mchezaji kulipwa na adidas, alipwe tu, tena alichelewa. Shida yangu ni kwamba kikomo kilichoitwa cha usawa kimewekwa kwa namna ambayo chuo chenye mdhamini anayekitaka kina mlango wa pembeni na kingine hakina, na anayeamua nani apewe mlango ni kampuni mbili tatu. Chuo cha kati kina jezi za bei ya punguzo, kitapeleka nini mezani?

Kuna atakayesema mbona hela hainunui ubingwa, na ana hoja. Oregon mpaka leo hawajawahi kutwaa ubingwa wa taifa wa futiboli. Baada ya kuwapiga Texas Tech walienda kukutana na Indiana wakala 56-22, na fainali ya Januari 2026 ikawa Indiana dhidi ya Miami, vyuo vyote viwili vya adidas, Indiana wakabeba. Ila hata Indiana usije ukasema ni maskini, Mark Cuban alisoma pale na alishafungua pochi. Na kuna waliojaribu ujanja mpaka wakachekesha: Oklahoma State mwaka 2007, chuo cha bilionea wa mafuta T. Boone Pickens, waliwakatia wafadhili wao 27 bima za maisha za dola milioni 10 kila mmoja ili wakifa hela iende kwenye michezo, wakalipa ada mwaka wa kwanza, wa pili, wazee hawafi, mpango ukaishia mahakamani. Hela inachonunua ni kukaa kwenye timu kumi za juu kila mwaka, na kwa Oregon ya 1995 hiyo ilikuwa ndoto.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna kipande kinatuhusu moja kwa moja. Edward Cheserek, mkimbiaji wa Kenya, alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, amevaa Nike kifuani miaka minne, chuo cha mwenye Nike, na kwa sheria za wakati ule hakuruhusiwa kulipwa kwa jina lake. Utasema basi wanaokuja sasa wamepata. Wengi hawajapata, maana mwanafunzi wa kigeni anakuwa na viza ya F-1 ambayo inabana sana kazi za kulipwa, kwa hiyo Mkenya anayekimbilia chuo cha Marekani leo anaweza kuona wenzake wa timu moja wanasaini matangazo na yeye anaogopa kusaini asije akarudishwa kwao. Alafu zile milioni 20.5, sehemu kubwa zinaenda futiboli, riadha inaokota makombo.

Campbell wa Texas Tech sasa hivi amehamia kwenye sheria yenyewe. Msimu wa 2025 alirusha matangazo ya TV akitaka bunge lirekebishe sheria ya utangazaji wa michezo ya 1961 ili vyuo viuze haki za TV kwa pamoja, ligi kubwa za SEC na Big Ten hazitaki hata kusikia, vyuo vina wanasheria wao Washington, NCAA wana wao. Wachezaji hawana chama kinachotambulika cha kuwajadilia mkataba mpaka leo, kwa hiyo kwenye hayo mazungumzo karibu kila niliyemtaja humu ana mtu wa kumsemea isipokuwa wao.